Sikio la Mrithi: Smiley Mpya, Salvo wa Kivu na Kiswahili cha Bukavu

Mwezi Oktoba 2024 ilitoka mjini London riwaya iitwayo Karla's Choice, mtunzi wake Nick Harkaway. Riwaya hiyo inamrejesha George Smiley, jasusi mnene, mpole na mwenye miwani aliyeumbwa na John le Carré katika Call for the Dead ya mwaka 1961, akaonekana katika riwaya tisa za mtunzi huyo hadi A Legacy of Spies ya mwaka 2017. Le Carré, ambaye jina lake halisi lilikuwa David Cornwell, alifariki Desemba 2020. Harkaway ni mwanawe. Urithi unaozungumzwa hapa, basi, ni wa damu na wa kalamu kwa pamoja, na haishangazi kwamba riwaya hiyo imesomwa zaidi kwa jicho la kulinganisha sauti ya mwana na ya baba.

Kwa msomaji wa Kiswahili, na hasa yule wa Bukavu, swali la urithi huo linaelekea kwingine. Le Carré alitunga pia riwaya moja inayomgusa msomaji huyo moja kwa moja. Nayo ni The Mission Song (2006), yaani Wimbo wa Misheni, ambayo msimulizi wake ni mtoto wa Kongo ya mashariki na kiini cha njama yake ni Kivu. Makala haya yanazisoma riwaya hizi mbili sambamba. Hoja yake ni kwamba kinachorithiwa katika mfululizo wa kijasusi si kisa, wala si mhusika peke yake, bali ni sikio: uwezo wa kujua mtu fulani angesema nini, kwa maneno gani, na angenyamaza wapi. Kwa kipimo hicho Smiley amepata mrithi. Salvo wa Kivu hajapata, na sababu zake zinaihusu lugha ya Kiswahili kuliko zinavyouhusu ukoo wa Cornwell.

Desturi ya kuendeleza mfululizo wa marehemu si ngeni katika utanzu huu. James Bond wa Ian Fleming alipewa uhai mpya na Kingsley Amis mwaka 1968, kisha akapita mikononi mwa watunzi kadhaa. Mmoja wao, William Boyd, alimpeleka mwaka 2013 katika vita vya nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi. Kwa Kifaransa, lugha ambayo ndiyo ya shule na ofisi huko Bukavu, mfano mashuhuri ni OSS 117. Jean Bruce, aliyeuanzisha mfululizo huo mwaka 1949, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1963. Mkewe Josette akaushika na kuuandika kwa karibu miaka ishirini, na baada yake watoto wakauendeleza. Hapo jasusi amekuwa shamba la familia. Ni rahisi kuidharau biashara hii, na mara nyingi inastahili kudharauliwa, kwa kuwa mrithi hupewa orodha ya vitu vya kurudia (gari, kinywaji, mwanamke, mzaha) akaivaa kama kanzu ya marehemu isiyomkaa mabegani.

Smiley hana orodha ya namna hiyo. Hana gari la ajabu wala hapigi risasi. Silaha yake ni kusikiliza. Ugumu wa kazi ya Harkaway, pamoja na uzuri wake, umeanzia hapo. Amechagua mwaka 1963, muda mfupi baada ya kifo cha Alec Leamas kwenye ukuta wa Berlin, yaani katika pengo lililo kati ya The Spy Who Came in from the Cold na Tinker Tailor Soldier Spy. Smiley amejiuzulu na anajaribu kuiponya ndoa yake na Ann. Mjini London, wakala wa vitabu mwenye asili ya Hungaria ametoweka, na mtu aliyetumwa na Moscow kumwua anafika ofisini kwake akiwa ameishiwa na ari ya kuua. Anayempokea ni Susanna Gero, msaidizi wa wakala huyo, naye pia mkimbizi kutoka Hungaria. Smiley anaitwa tena kazini kwa jambo dogo tu, na jambo hilo dogo linamchukua hadi Vienna na Budapest.

Harkaway amejifunga kamba miguuni kwa hiari. Msomaji wa mfululizo anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba Smiley hatamnasa Karla mwaka huo, anajua ni nani msaliti aliyeketi ndani ya idara, na anajua ndoa ile haitapona. Taharuki ya kawaida, ile ya kujiuliza nini kitatokea, haipo. Mahali pake pamewekwa taharuki ya aina nyingine: msomaji anamwona Smiley akifurahia jambo ambalo msomaji anajua litamgeuka. Hii ni kejeli ya kitamthilia iliyotumiwa kwa kiasi, na ndiyo fani bora ya riwaya hiyo. Susanna naye amepewa akili na nafasi ambayo baba mtu aliwapa wanawake wachache katika riwaya zake za awali. Panapolegea ni pale mtunzi anapowapitisha wahusika wa zamani mmoja mmoja ili wasalimiane na msomaji. Baadhi yao hawana kazi nyingine ila kutambuliwa.

Hata hivyo sauti imeshikwa. Harkaway alizaliwa mwaka 1972, miaka ambayo riwaya kuu za Smiley zilikuwa zikiandikwa, na ameeleza kwamba alikua akizisikia kurasa hizo zikisomwa kwa sauti nyumbani. Baba alipofariki, mwana ndiye aliyetimiza ahadi ya kuukamilisha muswada wa mwisho, Silverview, uliochapishwa mwaka 2021. Alichorithi, kwa hiyo, kilipitia masikioni kabla ya kufika mezani. Sentensi ya Smiley ina upole unaoficha ukali. Huanza kwa kuomba radhi na kumalizika kwa swali lisilokwepeka. Harkaway anaijua sentensi hiyo jinsi mtu anavyojua kikohozi cha mzazi wake nyuma ya mlango.

Kisa chake, kwa upande mwingine, kimerudi Ulaya ya ukuta na waya wa miiba. Uamuzi huo ni halali kabisa, kwa maana Smiley ni mtu wa huko. Lakini kwa kuuchagua mwaka 1963 mfululizo umerejea mahali salama, mahali ambapo adui ana jina na vita vimekwisha. Le Carré mwenyewe alikuwa amekwishatoka huko. Katika miongo mitatu ya mwisho aliandika juu ya dawa zinazojaribiwa kwa miili ya maskini wa Kenya, juu ya biashara ya silaha, na mwaka 2006 juu ya Kivu.

Mapema mwaka huo wa 2006 alisafiri hadi Bukavu. Safari hiyo ameisimulia katika kumbukumbu zake, The Pigeon Tunnel (2016), na linalopendeza katika masimulizi yake ni kwamba wahusika wa riwaya walikuwa wamekwishaumbwa kabla hajaondoka. Alikwenda kuwatafuta watu wanaofanana nao. Mji aliofikia umekaa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na kando yake Mto Ruzizi unatoka ziwani na kuwa mpaka na Rwanda. Wabelgiji waliuita Costermansville. Ulikuwa umeonja mengi kwa miaka kumi: wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya mwaka 1996, ambamo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba, vita vya pili kuanzia mwaka 1998, na mwezi Juni 2004 kutekwa kwa siku chache na askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepangwa kufanyika Julai 2006, na njama ya riwaya inakusudia kuuwahi uchaguzi huo.

Msimulizi ni Bruno Salvador, aitwaye Salvo, mkalimani ambaye hajafikisha miaka thelathini. Baba yake alikuwa mmisionari Mkatoliki kutoka Ireland. Mama yake alikuwa mwanamke wa kijijini Kongo ambaye hata jina lake halikuhifadhiwa. Salvo, basi, ni mrithi asiye na cheti. Alichobakiwa nacho ni lugha alizoziokota utotoni uani mwa misheni, Kiswahili na lugha nyingine za Kongo ya mashariki, ambazo baadaye alizipigia msasa katika Chuo cha Mafunzo ya Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London. Wasomaji wa jarida la Kiswahili watamtambua upesi: ni mwenzao wa darasani. Idara ya ujasusi ya Uingereza inamwajiri asikilize simu za watu, kisha inampeleka katika kisiwa kisichotajwa jina, ambako kundi la wafadhili wasiotajwa majina linakutana na wakuu watatu wa Kivu. Dieudonné anatoka kwa Wanyamulenge, Franco ni wa Mai-Mai, na Haj ni mwana wa mfanyabiashara tajiri wa Bukavu, msomi wa Paris avaaye viatu vya ngozi ya mamba. Juu yao amewekwa mzee anayeahidi ukombozi, naye anaitwa Mwangaza.

Kinachoitofautisha riwaya hii na riwaya nyingine za kijasusi zihusuzo Afrika ni kwamba silaha inayoshindaniwa ni lugha. Salvo anaagizwa kuonyesha baadhi tu ya lugha zake mezani, na kuzificha nyingine kama sehemu ya jahazi iliyo chini ya maji. Wajumbe wakitoka nje kupumua, wanarudi kwenye lugha zao za nyumbani wakidhani wako salama, kumbe vinasa sauti vimetegwa, na mkalimani ameketi chini ya nyumba akiwasikiliza. Mkalimani anageuzwa mpelelezi wa watu wa kwao kwa ile ile zawadi waliyompa. Dhamira hii ni nzito, na le Carré ameipa tukio la kuistahili: Haj anapoteswa, Salvo haoni kitu, anasikia tu. Ukatili wote unaingia kwa njia ya sikio, na pale pale msimulizi anatambua kwamba hana tena haki ya kujiita chombo kisichoegemea upande. Utambuzi baina ya watu hawa wawili unapitia wimbo wa shule ya misheni ambao wote wawili walifundishwa utotoni, na ndio ulioipa riwaya jina.

Jambo hili linahitaji kusemwa kwa uwazi, kwa sababu wahakiki wa Kiafrika wana sababu nzuri za kuzitilia shaka riwaya za Wazungu juu ya Kongo tangu wakati wa Conrad. Le Carré hakuifanya Kivu kuwa giza. Aliifanya kuwa mahali pa watu wanaosema sana, wanaotaniana, wanaojua bei ya kila kitu chao pamoja na koltani. Haj ni mwerevu kuliko kila mtu kisiwani.

Kasoro imo katika kusikika kwenyewe. Riwaya inayosimulia juu ya lugha nyingi imeandikwa kwa lugha moja. Msomaji anaambiwa kwamba sasa Haj amehamia Kiswahili, sasa Franco amerudi kwenye lugha yake, na kila mara anachopata ni Kiingereza. Tatizo si la le Carré peke yake, na alilipunguza kwa ustadi: Kiingereza cha Salvo mwenyewe kina harufu ya bweni la mapadre, kina adabu ya kizamani na sentensi zilizopigwa pasi, kama Kiswahili cha katekista aliyesoma kabla ya uhuru. Hapo sikio la mtunzi lilikuwa kazini. Lakini alilisikia Kiingereza cha mtu wa Kivu, si Kiswahili chake.

Jina la Mwangaza ni kielelezo kizuri. Riwaya inamweleza msomaji wa Kiingereza kwamba maana yake ni mtu aangazaye wengine. Katika Kiswahili mwangaza ni nuru yenyewe, nomino ya ngeli ya M/MI. Aangazaye angeitwa mwangazaji. Si lazima hili liwe kosa. Mji ambao koleji yake ya Majezuiti inaitwa Alfajiri hauwezi kushangaa mtu akipewa jina la nuru. Utata ulio mtamu unakuja kwenye upatanisho wa kisarufi, mahali ambapo Kiingereza hakiwezi kuingia. Wafuasi wake wakisema Mwangaza amefika, huyo ni mtu, na mtu hukosa, huuzwa na hununuliwa. Wakisema mwangaza umefika, hiyo ni ishara kutoka juu, nayo haihojiwi. Siasa yote ya mzee huyo, pamoja na hila ya wanaomtumia, inaweza kusimuliwa katika kusitasita kati ya a- na u-. Mtunzi angelisikia jambo hilo angekuwa na riwaya nyingine mkononi, na pengine kubwa zaidi.

Kingekuwaje, basi, Kiswahili cha mwendelezo wa Salvo? Jibu la haraka ni kwamba utanzu huu umekwisha kukomaa katika Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza safari yake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa mrithi wa aina yake wa Sherlock Holmes, pamoja na mwenzi wake Najum. Katika miaka ya 1970 na 1980 Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba nje ya Tanzania mara kwa mara, na katika Kikosi cha Kisasi alimfikisha Kinshasa. Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, alimpa Joram Kiango nafasi kama hiyo. Wote hao walionyesha kwamba jasusi wa Kiafrika anaweza kusimama mwenyewe bila ya kuazima koti la Bond, ingawa Gamba, kusema kweli, aliliazima mara nyingi.

Lakini Musiba hatatui tatizo la Kongo, analizungukia. Gamba akiwa Kinshasa anasimuliwa kwa Kiswahili kile kile cha Dar es Salaam, na wenyeji wake wanakijibu kwa ufasaha usioyumba. Kwa riwaya yenye mwendo wa kasi hilo linavumilika, tena Kinshasa ni mji wa Kilingala na mkataba kati ya mtunzi na msomaji uko wazi. Bukavu ni kitu kingine. Huko Kiswahili ni lugha ya soko la Kadutu na ya foleni ya mpakani, na ni Kiswahili chenye sura yake: batoto na bintu mahali pa watoto na vitu, niko natafuta mahali pa ninatafuta, maneno ya Kifaransa yakiingia bila kubisha hodi na Mashi ikisikika chini yake. Kando yake kipo kile kinachoitwa Kiswahili bora, cha mimbari na cha vitabu. Mtu wa Bukavu huvuka kutoka kimoja hadi kingine ndani ya mazungumzo mamoja, kwa sababu zake: heshima, hasira, mzaha, kujificha. Kwa hakika huo ndio mstari wa maji aliowekewa Salvo, ila watu wa mji huo wanauishi kila siku bila kuajiriwa na mtu.

Kwa hiyo mtunzi atakayeandika Bukavu yote kwa Kiswahili sanifu, akidhani kwamba kwa kuikwepa lugha ya le Carré amekwisha kufika nyumbani, atakuwa amelifunika sikio kwa kitambaa kingine. Haj anayesema kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam si Haj. Na kuandika kila neno kwa lahaja ya mji nako kuna hatari yake, kwani lahaja hiyo imezoea kuchekwa na wasemaji wa pwani, na mhusika anayeisema peke yake katikati ya usimulizi sanifu hugeuka kichekesho kabla hajafungua mdomo mara ya pili. Njia iliyo ngumu, na pengine ndiyo pekee, ni kumfanya msimulizi mwenyewe awe mtu wa kuvuka: sanifu anapoandika ripoti, Kiswahili cha Bukavu anapoogopa. Harkaway alifanikiwa kwa Smiley kwa kujua hasa ni lini sentensi yake inaacha adabu. Mrithi wa Salvo atapaswa kujua ni wapi ba- inamponyoka msomi wa London, na mbele ya nani.

Mambo ya kusimulia hayakosekani. Uchaguzi ambao njama ya riwaya iliukimbilia ulifanyika kweli tarehe 30 Julai 2006. Miaka kumi na minane na nusu baadaye, tarehe 16 Februari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na mji ukatekwa kwa mara nyingine ndani ya kizazi kimoja. Wahusika watatu wa kisiwani wangekuwa wazee sasa, au marehemu, au mawaziri. Ukiwatazama hivyo, The Mission Song inasomeka kama sehemu ya kwanza ya mfululizo ambao haukuendelea.

Tena riwaya yenyewe inamalizikia mahali panapodai mwendelezo. Salvo amevuliwa uraia wa Uingereza na kuwekwa kizuizini, akingoja kurudishwa Kongo, na kutoka huko anamwandikia barua Noah, mtoto wa Hannah, muuguzi wa Kikongo anayempenda. Katika kitabu barua hiyo ni ya Kiingereza, kama yote yaliyoitangulia. Mtafsiri atakayeishika atalazimika kuamua jambo ambalo mtunzi hakulazimika kuliamua: mkalimani huyu, akiwa hana tena mwajiri wala lugha ya kuficha, anamwandikia mtoto wa Kikongo kwa Kiswahili kipi.